Swali la Baba Mkwe

Kwa miaka tisa nyumba yangu na ya baba mkwe zimetazamana katika uwanja mmoja hapa Kawetele, na sikuwahi kumwona usoni. Desturi yetu Wanyakyusa inataka hivyo: mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Nikisikia kikohozi chake njiani, najitosa kwenye migomba mpaka apite. Familia nyingi zimeshaacha mambo hayo. Yeye hakuacha, na mimi, mwalimu wa fizikia na digrii yangu, nilitii huku nikinung'unika.

Jumamosi wanafunzi huja barazani kwangu kwa masomo ya ziada. Siku moja waliniuliza kama kweli ulimwengu una pande zaidi ya hizi tunazozijua: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Nikawaambia wapo wanasayansi wanaodhani hivyo, ila hakuna aliyethibitisha. Pande hizo huenda zimejikunja, ndogo mno, na ziko hapa hapa tulipo. Tazameni chai kule mlimani, nikasema. Ukiwa barabarani ni mkeka tu. Ingia kuchuma, utakuta vijia vya kumpoteza mtu.

Kumbe baba mkwe alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wa baraza, anasikiliza. Ujana wake wote alichuma chai. Jioni mama mkwe akanijia.

"Mwanangu, mzee anasema ndaga, asante kwa somo. Ana swali."

Nilikuwa na rundo la mitihani, na kichwa kinaniuma. "Mama, mwambie asubiri. Nikimaliza kusahihisha nitamjibu."

Nilimaliza Jumatano. Sikuuliza. Nilijiambia mzee wa watu anatafuta soga tu. Jumatatu asubuhi alianguka shambani, hakuinuka tena.

Uso wake niliuona kwenye jeneza, mama mkwe akiwa amenishika mkono. Alikuwa na kovu dogo kidevuni. Nililia mpaka wakanitoa nje, na najichukia mpaka leo kwa Jumatano ile.

Matanga yalipokwisha nilimuuliza mama swali lilikuwa lipi. Alimenya ndizi mbili kwanza.

"Alitaka kujua, kwenye hizo pande nyingine, kama mkwe anaruhusiwa kukaa na mkamwana wake wakazungumza."

Jibu langu lingekuwa sijui. Lakini ningelitoa Jumamosi iliyofuata, mbele ya wanafunzi, kwa sauti ya kumfikia kule nyuma ya ukuta.