Mfumo Unaojiponya

Ile programu niliiandika mwenyewe, kwa hiyo hasira zangu sikuwa na wa kumtupia.

Kazi yetu hapa Garsen ni kuwatumia wakulima na wafugaji wa delta ujumbe wa simu maji ya mto Tana yanapopanda. Namba zao na vipimo vya mto vinakaa kwenye hifadhidata yenye nakala tatu, kila moja ndani ya kontena lake, kama chumba chake pekee, kwenye seva. Moja ni kiongozi, mbili zinaifuata. Mimi niliandika msimamizi, programu ya kuzichunga: nakala ikianguka anaiinua, kiongozi akinyamaza anachagua mwingine, bila mtu kugusa kitu. Niliringa nayo ofisi nzima. Nikaringa hata kwa mama, ambaye ana shamba la mpunga kijijini Wema. Nilimwambia aache kuukodolea mto macho, mfumo wangu utamwambia.

Asubuhi moja kipimo cha sehemu ya juu ya mto kilionyesha maji yanakuja kwa kasi, na mpunga wa mama ulikuwa umeiva. Ujumbe haukutoka. Kiongozi alikuwa amepewa memori kidogo mno, akazidiwa, akafa. Msimamizi akachagua mwingine, naye akabebeshwa mzigo uleule, akafa. Wa tatu vivyo hivyo, kisha wa kwanza akafufuliwa ili afe upya.

Nikaongeza memori kwa mkono. Msimamizi akaona hali hailingani na ilivyoandikwa kwenye mipangilio, akairudisha ilivyokuwa. Nikaongeza tena, akapunguza tena. Nilitaka kumzima kabisa, lakini ruhusa ya kumzima, na ya kubadili mipangilio, alikuwa nayo bosi wa Nairobi peke yake. Sheria hiyo nayo niliipendekeza mimi, eti mtu asije akavuruga mambo kwa pupa. Bosi alikuwa mkutanoni. Nilipompata hatimaye akacheka.

"Wacha wasiwasi bwana. Si ulisema inajiponya?"

Nilitamani kuirusha laptopu hadi Minjila.

Nilifikiria kumpigia mama. Nikajiambia amezaliwa kando ya mto ule, hawezi kukaa tu mpaka maji yamfike miguuni, na mimi nina watu wa delta nzima wa kuwafikishia habari. Nikarudi kugombana na mashine. Kila nakala iliyokufa niliitukana kivyake.

Alasiri bosi akaidhinisha memori iongezwe kwenye mipangilio. Kiongozi akasimama, wafuasi wakasimama nyuma yake, na ujumbe wote ukatoka kwa mpigo mmoja. Nilikuwa bado naisonya skrini mama alipopiga simu.

"Mwanangu, imeingia! Ujumbe wako nimepata."

"Na mpunga, mama?"

"Mpunga umeenda na maji. Mimi niko juu ya tuta hapa na wenzangu. Wao wamevuna toka asubuhi. Waliniita weee, nikawaambia niacheni, mimi niko na mtoto wangu huko Garsen, bado hajasema."

Sauti yake haikuwa na lawama hata kidogo, na ningefurahi kama angenifokea.

"Na umesema," akaniambia. "Nilijua utasema tu."