Breki za Nyuma Chini ya Dirisha la Bibi Harusi

Juma lile dada yangu mdogo alikuwa amewekwa ndani. Sisi ni watu wa Maniema, tulikuwa tukiishi mtaa wa Tshopo, na kwetu msichana anayekaribia kuolewa hukaa chumbani siku saba. Hapiki, hafui, hamshonei mtu nguo. Anapakwa mafuta, analishwa wali, samaki na pondu ya majani ya muhogo, anangoja. Shangazi, dada ya marehemu baba, aliweka kiti chake mlangoni kuhakikisha kwamba anangoja kweli.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa gari. Desturi yetu nyingine ni kwamba bibi harusi hutoka nyumbani katika gari la upande wa baba yake. Gari lenyewe lilikuwa la Tonton, mdogo wa baba, jeupe, la miaka mingi, na breki zake za nyuma zilikuwa zimeanza kulia kama panga kwenye jiwe. Wiki iliyotangulia, kwenye mteremko wa daraja la Tshopo, lilipitiliza hadi karibu na meza ya muuza mikate. Tonton akasema hatampakia binti ya kaka yake ndani ya kitu kama hicho.

Habari zilivuka mto haraka hadi kwa upande wa bwana harusi. Alhamisi kaka ya bwana harusi alikuja mwenyewe kutuambia tusihangaike: wao wana lori la kubebea mpunga, wataleta lori hilo. Alisema kwa upole mno, kisha akaongeza, "Tutafagia muzuri, bashemeji. Mupunga moja hatutaacha."

Tulicheka. Dirishani kwa dada hakucheka mtu. Mgeni alipoondoka dada aliniita, akaongea nami kupitia pazia.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "mi sitashuka kwenye camion mbele ya wamama ya kule. Watanicheka mupaka nizae. Mutengeneze hiyo gari."

Ijumaa asubuhi Tonton aliomba ruhusa ofisini, ambako aliitwa citoyen, yaani mwananchi, kama wote enzi zile, na kuvaa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Nyumbani akavaa kaptula ya zamani. Diski mbili na plakete zake alizipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu. Plakete ni vile vibao vinavyoibana diski ili gurudumu lisimame. Zetu zilikuwa zimelika, chuma kinasuguana na chuma. Tulilisukuma gari hadi chini ya dirisha la dada, kwa sababu ukuta ule ndio uliokuwa na kivuli. Tukazuia magurudumu ya mbele kwa matofali, tukaachia breki ya mkono, tukainua nyuma kwa kriki na kuweka magogo chini.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila boliti iliyotoka niliichora na kuilaza kwenye mkeka kwa mfuatano wake. Tonton alinidhihaki kwamba naandika ripoti ya chama, lakini niliona kila mara anaangalia mkeka kabla ya kuendelea. Kibano cha breki kilitoka, tukakining'iniza kwa waya ili mpira wa mafuta usikatike. Diski ya zamani ilikuwa imeshikwa na kutu, nyundo ikaiamsha. Mpya ikaingia vizuri.

Hapo tukakwama. Plakete mpya ni nene, kwa hiyo pistoni iliyo ndani ya kibano lazima irudi nyuma kuzipa nafasi. Mwaka uliopita Tonton alikuwa amebadilisha za mbele peke yake, akaisukuma pistoni kwa jiriwa ya seremala, ikarudi bila neno. Sasa aliifunga jiriwa ileile, akaikaza. Pistoni haikutikisika. Tukaweka kipande cha mti, tukakaza wote wawili mpaka jiriwa ikaanza kupinda. Saa nne ikapita. Tonton aliketi juu ya gurudumu, akafuta jasho, akasema polepole kwamba labda lori la watu si baya sana likifunikwa kitambaa.

Pazia likasogea.

"Tonton, ile chuma iko na matundu mbili kwenye uso. Ni ya nini?"

Tonton alijibu kwamba ni ya mapambo.

"Hakuna mutu anatoboa chuma juu ya mapambo. Mashine yangu ya kushona iko na kitu sawa na hiyo. Ni ya kuzungusha, si ya kusukuma."

Kisha mkono uliong'aa mafuta ukatoka dirishani, umeshika mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Shangazi alikuwa ameuficha huo mkasi tangu siku ya kwanza, au ndivyo alivyodhani. Tulimsikia ndani akiuliza umetoka wapi, na dada akimjibu kwamba hashoni, anakopesha tu.

Tonton aliupanua mkasi kidogo, akatia ncha zake katika matundu mawili, akazungusha. Pistoni ikazunguka, ikaingia kiasi cha ukucha. Akanitazama. Akazungusha tena. Dada alihesabu mizunguko kutoka dirishani, na Shangazi, aliyekuja kumfokea, akabaki amesimama pale akihesabu naye.

Upande wa pili haukutuchukua hata nusu saa. Tukarudisha magurudumu, tukaliteremsha gari, na Tonton akakanyaga pedali. Mara ya kwanza ikazama hadi chini, ya pili ikapungua, ya tano ikawa ngumu. Akalipeleka gari darajani, akalisimamisha katikati ya mteremko, akarudi akipiga honi, akafika msikitini sala ikikaribia kuanza.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, mtaa mzima ukiwa umemaliza kufyeka majani ya barabarani na kunawa, dada alitoka. Tulivuka daraja bila mlio hata mmoja. Mbele ya nyumba ya bwana harusi wanawake walikuwa wamejipanga wakiimba, na Tonton akalisimamisha gari taratibu, mlango ukitazamana na mkeka waliomtandikia.

Dada hakushuka. Aliwatazama wote kupitia kioo, akainamia kiti cha mbele.

"Tonton," alisema, "siku saba sijaona barabara. Tuzunguke mara moja tena."

Tonton akaachia breki ya mkono, tukawaacha wanaimba.