Mstari wa Penseli Barazani

Harufu ya ncha za meshi, zile nywele za bandia za kusukia, zilizounguzwa kwa kiberiti haipendwi na watu wengi. Wanaziba pua, wanafungua madirisha. Mimi nikiinusa popote pale, hata katika saluni ya watu nisiowajua, husimama mlangoni nikavuta pumzi mara mbili, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya nyumba yetu kule Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Ilichanganyika na mafuta meusi ya kokwa za michikichi ambayo mama aliyachovya kwa kidole kimoja na kuyapitisha kwenye ngozi ya kichwa kabla ya kugawa nywele. Mama alikuwa msusi. Sisemi hivyo kama mtu anavyosema jirani yake ni msusi. Wanawake walivuka mto kwa mtumbwi, wakitoka upande wenye saluni za vioo na umeme, kuja kukaa barazani kwetu. Nao hawakukaa mkekani. Walikaa kwenye kiti kirefu cha mbao nyekundu ambacho papa, yaani baba yangu, fundi seremala asiyejua kusifia kitu chochote isipokuwa kazi yake mwenyewe, alikitengeneza kwa miezi miwili. Mteja alipanda kwa kukanyaga kijingazi, akajiona kwenye kioo, na mama akamsuka akiwa amesimama wima nyuma yake, mikono juu, asubuhi hadi jioni.

Kisha nilipokuwa na umri wa miaka kumi, harufu ile ilipotea. Mama alipelekwa Kinshasa kutibiwa kansa ya ziwa, akakaa huko miezi mingi, mimi na papa tukibaki kula ndizi za kuchoma na kusubiri simu. Aliporudi, mtaa mzima ulipiga vigelegele. Alikuwa amepona. Daktari amesema amepona, papa alikuwa akimwambia kila apitaye, hata wauza makala, yaani mkaa, waliokuwa hawajauliza. Nami niliamini kwamba kupona ni kama kuvuka mto: ukifika ng'ambo, umefika. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza kupona na bado asiwe amerudi.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Walipomkata ziwa walitoa pia tezi za kwapani, na tangu hapo maji ya mwili yalijaa mkononi yasijue pa kutokea. Kila asubuhi nilimsaidia kuuviringisha bandeji kuanzia vidoleni hadi begani, na jioni bandeji zilianikwa kwenye kamba pamoja na sare yangu ya shule. Ncha za vidole zilikufa ganzi kwa sababu ya dawa za kansa alizopewa Kinshasa. Alishika sufuria ya moto asijue ni ya moto. Alichoka uchovu ambao usingizi haukuuondoa. Nywele zake, zilizokuwa nzito kuliko za mteja yeyote, ziliota upya laini na chache kama za mtoto mchanga. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini msusi asiye na nywele wala mkono wa kusukia, huyo wahenga hawakumtungia methali.

Majirani walikuwa wema, na wema wao nusura umuue. Walimtwangia pondu, yale majani ya muhogo, walimchotea maji, walimnyang'anya hata mwiko. Nilimwona siku moja amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akisikiliza mchi ukilia katika kinu chake mwenyewe mikononi mwa mtu mwingine, na uso wake ulikuwa uso wa mgeni anayengoja kukaribishwa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wanawake hao wanampenda sana, na kwamba wakiendelea kumpenda hivyo watamzika akiwa hai. Kuhusu wateja, walikuja kumsalimu, wakatazama mkono, wakaenda kusukwa kwingine. Hakuna aliyewalaumu. Ila mmoja hakwenda kwingine, na huyo nitamfikia.

Mara mbili kwa wiki tulivuka mto kwenda kwa mtu tuliyemwita Papa Kiné, mtaalamu wa kurudisha viungo katika hali yake, mzee mwembamba mwenye mikono ya joto. Alimfundisha mama kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole, kama buibui, hadi pale bega linapokataa. Fanya nyumbani kila siku, alisema, usilazimishe na usikose. Papa alipima kwa futi yake urefu wa kichwa cha mteja aliyekaa kwenye kile kiti kirefu, akachora mstari ukutani barazani kwa penseli yake ya useremala. Vidole vikivuka pale na kutulia, akatangaza, msusi amerudi kazini. Mama akauita mstari wa Madame.

Madame alikuwa mkuu wa shule yetu, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kengele na Kifaransa kisicho na mzaha. Miaka yote alisukwa na mama kwa ajili ya proklamasio, ile siku ya mwisho wa mwaka matokeo yanaposomwa uwanjani mbele ya wazazi, na kila mtu anavaa alichonacho kizuri. Mwaka ule alivaa kitambaa kichwani tangu siku ya kwanza ya masomo hadi wakati huo, na sisi watoto tulitunga sababu nyingi, nyingine za aibu. Nilikuja kujua ukweli kwa papa. Mama alipokuwa anaondoka kwenda Kinshasa, Madame alimwambia kichwa chake hakitaguswa na mwingine. Sasa wiki zilikuwa zimebaki sita, na mama alikuwa amempa neno lake: proklamasio hii, nitakusuka.

Hivyo kazi ya kila asubuhi ikawa hii: mama anapandisha vidole ukutani, mimi naweka alama ya makala vilipofika. Wiki ya kwanza alama zilipanda vizuri. Haba na haba hujaza kibaba, papa alikuwa akiimba akipita na mbao zake. Wiki ya pili zilipanda kidogo. Ya tatu zikasimama. Alama moja juu ya nyingine, mahali palepale, hadi pakawa na doa jeusi, na mstari wa penseli uko kule juu, upana wa viganja viwili. Mama hakulia. Aliacha tu kuzungumza, na mchana alilala akiangalia ukuta. Papa Kiné alikuwa amekwisha kutuonya kwamba mikono mingine husimama njiani, lakini nani husikia onyo la namna hiyo? Nilishindwa kuvumilia. Siku moja, mama akiwa ndani, nikapanda juu ya ndoo, nikafuta mstari wa papa kwa kitambaa chenye maji, nikachora mwingine kwa penseli yake, upana wa kidole kimoja chini yake.

Kesho yake mama alitazama, akasema leo naona si mbali sana. Alikula. Baada ya siku tatu nikaushusha tena, na tena, kila baada ya siku mbili tatu. Alianza kuimba kidogo, akaanza kumnyang'anya jirani mwiko. Njia ya mwongo ni fupi, ndiyo, lakini unapokuwa ndani yake na mama yako anaimba, unaona ni ndefu na imefagiliwa. Asubuhi moja vidole vyake viligusa mstari, vikauvuka, vikatulia. Mama alipiga kigelegele kimoja kikali hivi kwamba kuku wa jirani walikimbia. Papa akatupa randa akaja mbio. Akautazama ukuta, akaniangalia mimi, akautazama ukuta tena. Fundi anaujua mstari wake. Lakini aliinama tu kuokota randa yake, na mama alikuwa amekwisha kumtuma mtu kwa Madame.

Madame alikuja Jumamosi, siku mbili kabla ya proklamasio, na wanawake wa mtaa walikuja nyuma yake kana kwamba wanaenda arusini. Alipanda kiti kirefu. Akafungua kitambaa, na nywele zake zikaonekana, ndefu, zimevurugika, nyeupe kiasi kwenye paji. Mama alisimama nyuma yake, akachovya kidole kwenye mafuta, akainua mikono. Wa kushoto ulifika. Wa kulia ulipanda hadi shingoni mwa Madame ukasimama. Akausukuma kwa bega. Ukatetemeka. Akaushika kwa mkono mwingine na kuupandisha, na alipouachia ukaanguka pembeni kama nguo iliyoteleza kwenye kamba. Akajaribu tena. Niliona kwenye kioo uso wa mama, na nikaelewa kwamba sikuwa nimempa furaha, nilikuwa nimemkopesha, na sasa alikuwa anadaiwa mbele za watu.

Nilianza kulia kwa sauti. Mama aligeuka, akaangalia ukuta, akaniangalia. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kuelewa.

"Zaina," alisema, "njo weye ulishusha ile mustari?"

"Njo mimi, mama," nikakiri.

"Juu ya nini?" Alitaka sababu.

"Nilitaka ufike."

Nilingoja kofi, na hata leo naamini kwamba nililistahili. Badala yake mama akaanza kucheka, taratibu, akitikisika mabega yote mawili, lile zima na lile gonjwa, hadi akashika mgongo wa kiti asianguke. Wanawake walitazamana wakidhani ile dawa ya Kinshasa imempanda kichwani.

"Mutoto ameona," akasema. "Mukono yangu imefika mwisho, haitapanda tena. Bon. Kama mukono inakatala kupanda, kichwa itashuka. Papa Zaina, lete musumeno. Kata hii kiti miguu."

Wiki zote zile tulikuwa tukiutazama mkono. Hakuna hata mmoja wetu aliyekitazama kiti. Papa alileta msumeno, akasimama mbele ya kazi yake bora kuliko zote kama mtu aliyeombwa kumchinja mbuzi aliyemlea mwenyewe. Madame alishuka, akasimama pembeni, kichwa wazi. Papa alikilaza kiti, akapima, akatia alama kwa ile penseli, safari hii kwa mkono wake mwenyewe, akakata mguu wa kwanza. Vumbi jekundu likamwagika barazani. Ukaja wa pili, wa tatu, wa nne. Alipokisimamisha, kiti kilikuwa kimebaki na miguu mifupi kuliko kiganja changu. Mama alivuta kigoda chake akaketi nyuma yake, akaweka mto pajani wa kuegemeza kiwiko. Wote tukamgeukia Madame, mkuu wa shule, mwanamke ambaye hata mkaguzi alimwogopa. Alikitazama kile kiti. Akakusanya kitenge chake, akashuka, akashuka tena, hadi magoti yake yakakaribia kidevu.

"Alors," akasema, "tunaanza ama hatuanzi?"

Mama alimsuka hadi karibu na alasiri. Alipumzika mara nyingi. Vidole havikuhisi, kwa hiyo aligawa nywele kwa macho na kwa ncha ya kitana, na mstari mmoja nyuma ya sikio la kushoto ulikwenda kombo. Nilimwona akiuona, na nikamwona akiuacha. Alipounguza ncha kwa kiberiti, ile harufu ikarudi nyumbani kwetu, na papa akatoka nje akajifanya anatafuta misumari. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kusukwa. Jumatatu Madame alisimama uwanjani bila kitambaa, akasoma majina kwa sauti ya kengele, nami nilikuwa wa tano, na katika safu ya pili mama alipiga makofi kwa mkono uliofungwa bandeji, makofi yasiyo na mlio, ambayo niliyasikia kuliko yote. Kabla ya wiki kwisha, wanawake walikuwa wanagombea kile kiti kifupi.

Leo mimi ni mtu mzima, ninakaa upande wa pili wa mto, na nikikalia kiti kile magoti yangu hulia. Mama bado hufunga bandeji kila asubuhi. Joto likizidi mkono huvimba, akichoka hulala mchana bila kuomba radhi, na siku za kwenda kupimwa zikikaribia hula kidogo na kusali sana. Zamani ugonjwa ule haukutajwa kwa jina barazani. Uliitwa tu ule ugonjwa, tena kwa kunong'ona. Sasa wanawake waliotibiwa huja kwake wakiwa na mikono yao mizito, na yeye huwasimamisha mbele ya ukuta uleule, ambao papa amekatazwa kuupaka chokaa. Doa la makala lingalipo. Utotoni nililiona liko chini sana, jambo la kusikitisha. Sasa nikisimama kando yake linanifika kidevuni, na nashangaa mkono mgonjwa uliwezaje kupanda hadi pale.

Mwezi uliopita nilimkuta na mgeni, mwanamke kijana aliyerudi kutoka matibabuni, amekuja na binti yake wa miaka minane hivi. Mama alimwonyesha jinsi ya kupandisha vidole, akachora mstari, akampa yule binti kipande cha makala aweke alama. Niliinuka kwenda kumsaidia, maana mkono wa yule mtoto haukufika. Mama hakugeuza hata kichwa.

"Zaina," akasema, "weye ukae mbali na ile ukuta."