Kipande cha Gauni la Mama

Mdogo wangu tunamwita Viraka, na jina lenyewe analipenda. Ni msanii, ila usimuulize anachora nini, maana hachori kitu. Anachukua ubao, anapaka rangi, anabandika magazeti, magunia na mchanga, kisha anakwangua nusu ya alichobandika. Mimi fundi cherehani, bila futi sishiki mkasi, kwa hiyo nilikuwa namtania, "Utajuaje umemaliza?" Ananijibu, "Mkono utaniambia, dada." Haya, akili ni nywele.

Mama alipofariki tuligawana gauni lake la maua ya njano. Nusu yangu nilishonea foronya. Yake aliitumia kidogo kidogo kwenye kazi zake, kikabaki kipande kimoja chenye mfuko. Hicho alikitunza kwenye kopo la maziwa, na kwenye ubao wake mkubwa akakiachia pengo. Kila asubuhi anakishika, anakisogeza juu ya pengo, anakirudisha koponi. Mkono ulikuwa haujasema. Gundi yake ikishakauka, kitambaa hakitoki ila kwa kuchanika, na mama hana gauni lingine.

Mume wa Viraka ni seremala, ndiye anayemtengenezea fremu. Miaka yote ameketi mle chumbani na kikombe chake cha chai, akimtazama mkewe anavyofanya kazi. Shemeji huyo nilimwamini sana.

Siku ya maonyesho ya kazi za Viraka, yeye ndiye aliyetangulia kupeleka mbao. Ule mkubwa ulitakiwa ubaki nyumbani. Tulipoingia ukumbini tukaukuta umetundikwa mbele. Pengo halipo. Kipande cha mama kimepigwa pasi, kimebandikwa pembe nne sawasawa, mfuko umebanwa bapa.

"Nimekusaidia tu," shemeji akasema, anatabasamu. "Ungekaa nao mpaka lini?"

Mwenye ukumbi naye akaja, akaonyesha palepale. "Hapa ndipo mkono wako unaonekana hasa."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Huyu alikuwa kitandani kabisa. Viraka alipitisha ukucha kwenye ukingo wa kitambaa, akitafuta pa kuanzia kubandua. Hakupapata. Akamgeukia mumewe.

"Ulikuwa unakaa pale kila siku," akamwambia. "Nilidhani unaona."

Siku hizi mbao za Viraka ziko kwangu, pembeni ya cherehani. Nimempa ile foronya yangu aikate. Hajaigusa. Nilipomuuliza, alisema mkono umenyamaza.