Maji Baridi Hushuka Yenyewe

Harufu ya kangara, ule mchanganyiko wa unga na sukari, ikichachuka kwenye pipa ndiyo iliyotuamsha pale Mashimoni, Kibera, miaka ya sabini. Mama alipika chang'aa, na kazi yangu kabla ya shule ilikuwa ile sufuria ya maji iliyokaa juu ya pipa, inayopoza mvuke ukageuka pombe. Maji yakipata moto, pombe haishuki. Basi nilichota ya juu, maana ndiyo yanayochoma, nikamimina ya baridi, nikayaona yakizama hadi chini, hayasukumwi na mtu. Hakuna aliyenifundisha.

Siku moja Mwalimu Mukabwa, na jina lake nalitaja bila woga, alituuliza mbona maji ya kilindi cha bahari yanatembea ilhali upepo haufiki kule. Darasa likapiga kelele, "Samaki!" Mimi nikainua mkono. Nikasema ni baridi, mwalimu. Maji yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka, na yale mengine yanapisha. Akasema ni kweli. Akaongeza kwamba chumvi nayo huyazidishia uzito, kwamba kule kwenye barafu maji hayo huzama na kutambaa chini ya bahari hadi nchi za mbali. Kisha akanitazama. "Na wewe Nekesa, bahari uliiona wapi? Kwa sufuria ya ugali?"

"Hapana, mwalimu. Ni ile ya mama ya kupikia chang'aa."

Wenzangu walicheka hadi madawati yakatetemeka. Yeye hakucheka. Kesho yake askari wa chifu wakamwaga mapipa yetu na kumchukua mama. Aliyewatuma ni huyo huyo Mukabwa, mtu aliyelewa kila Jumamosi kwa Rhoda, jirani aliyegombania wateja na mama. Kwa Rhoda hawakubisha hodi. Mama alitoka jela akikohoa, hakumaliza mwaka. Mimi nikaenda Kawangware kufulia watu nguo. Darasa la sita ndilo la mwisho nililoliona.

Mpaka leo nafua. Mukabwa ana nyumba za kupangisha Sarang'ombe, na kanisani anaketi mbele. Juzi binti yangu wa sekondari alinisomea kitabu chake cha jiografia, kikasema yale yale niliyoyasema nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikammalizia sentensi.

"Mathe, ulijua aje?"

Nikamweleza yote. Kisha nikamwonya: ukiulizwa darasani, jibu, tena kwa sauti. Lakini mwalimu akitaka kujua umejifunzia wapi, mwambie ni kitabuni.