Ng'ombe Waliorudishwa

Mpangaji wangu wa chumba cha mbele, hapa Kimanga, huchaji simu za watu. Akipata nafasi hucheza ule mchezo wa mtandaoni ambamo kila mtu ana zizi lake. Yeye humpa kila mchezaji mgeni ndama, kama marafiki wanavyopeana kwao Rurambo, milimani kwa wafugaji, kisha humsalimia kwa sauti ya chini, kofia mkononi, ingawa mgeni hamwoni. Nilimvumilia kwa sababu hatukani. Katika nyumba ya marehemu mume wangu hapatukanwi mtu.

Juzi wenye mchezo waliubadilisha, na kila mnyama aliyetolewa zawadi akarudishwa kwa aliyemtoa. Wachezaji wenzake walijaa kibarazani wakishangilia.

"Tajiri!" alipiga kelele Vainqueur, kinyozi wa jirani. "Weye sasa iko na zizi nzima! Tupe nyama!"

Mpangaji wangu hakucheka. Kwao, anayechukua tena ng'ombe aliyempa mtu amekata urafiki. Alijaribu kuwatoa upya ndama wale, mchezo ukakataa: zawadi zimefutwa, sasa ni kuuza tu. Ndipo akaanza kuwapigia simu rafiki zake aliowapa ndama, mmoja mmoja.

"Dada Capitoline, miye sikukunyanganya ngombe yako. Ni mashini iliichukua."

Capitoline, aliyeko Bujumbura, alicheka mpaka sote tukamsikia. "Kaka, ile ngombe? Nilishaisahau kitambo!"

Vainqueur alitaka kuyarudia maneno ya Capitoline kwa kejeli, nikamtazama, akaacha. Mpangaji wangu akamshukuru Capitoline kwa heshima, kisha akatafuta jina lililofuata.