Nguzo ya Saba

Kazini walimwita Kivuli, na karibu kila mtu alikwishasahau jina aliloajiriwa nalo. Alikuwa mtu wa picha katika ofisi ya msanifu majengo. Wenzake wakishachora ramani, yeye aliziingiza kwenye kompyuta na kutoa picha ya jengo kama litakavyokuwa siku ya kufunguliwa, watu wakipita, jua likiingia dirishani. Jina alilipata kwa sababu ya umakini wake. Angeweza kukaa siku nzima akitafuta kivuli cha ngazi kitaangukia wapi saa tisa alasiri. "Mteja ananunua jengo, hanunui kivuli," wenzake walimcheka. Naye alijibu bila kuinua macho kwamba kivuli kikikaa vibaya mteja hatajua kilichomsumbua, ila atasema anakwenda kufikiria, na hatarudi.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, miwani mizito, chumba kimoja cha kupanga na mgongo unaouma. Kila picha iliyotoka mikononi mwake aliitia ukanda mweupe chini, wenye jina la jengo, namba ya karatasi na tarehe. Watu wengine wa picha hawajisumbui hivyo. Yeye aliamini karatasi isiyo na tarehe inafaa kufungia misumari.

Mwaka jana ofisi ilipata kazi ya kiwanda cha kiberiti kilichofungwa zamani. Mwenye jengo hakutaka libomolewe. Kuta zilikuwa nzima, madirisha marefu, na alitaka ofisi za kupangisha juu na ukumbi wa mapokezi chini. Kivuli alikwenda kulipima mwenyewe kwa siku tatu, katika harufu ya kemikali ambayo miaka ishirini haikuweza kuitoa. Chini alikuta nguzo kumi na mbili za zege. Ya saba ilisimama katikati kabisa ya mahali pa mapokezi, mbele ya dirisha kubwa kuliko yote. Sentimita arobaini kwa arobaini. Aliandika.

"Hii nguzo inanikera," msanifu alisema, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Kivuli, siku moja kabla ya kuonana na mwenye jengo. "Akiiona ataona stoo. Iondoe."

"Inabeba sakafu ya juu, bosi."

"Najua inabeba. Nani kasema tunaivunja? Mhandisi atatafuta namna huko mbele. Kesho nataka aone ukumbi tu."

Katika programu ya kuchorea, vitu hukaa kwenye matabaka, kama karatasi za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kila tabaka huweza kuwashwa au kuzimwa. Kivuli aliihamishia nguzo ya saba kwenye tabaka lake peke yake, akalizima. Nguzo ikaondoka, na kivuli chake sakafuni kikaondoka nayo bila kuambiwa. Mwenye jengo aliipenda picha. Kazi ikaanza.

Msimamizi wa mafundi pale saiti alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini. Walimwita Timazi kwa sababu aliona ukuta uliopinda kwa jicho kabla hajaushika. Kivuli alikaa nyumbani kwake miaka yote minne ya chuo, na hawakuwahi kuchoka kutaniana.

"Ramani zenu nimezisoma mpaka macho yamenitoka," Timazi alimwambia Jumapili moja mezani. "Mistari mitupu. Nipe ile picha yako, mafundi wangu wajue wanajenga nini."

"Ile ni ya wateja. Wewe utaipaka saruji."

"Basi ipige plastiki. Au unaogopa nitaona umeweka choo sebuleni, kama ile nyumba yako ya kwanza?"

"Ilikuwa ya mtihani, shemeji. Na choo kilikuwa na mlango."

"Wa vioo," dada yake akadakia, akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Kesho yake Kivuli aliichapa picha kwa ukubwa wa meza, akaipiga plastiki, akaipeleka saiti kwa mkono wake. Ukanda mweupe ulibeba tarehe ya siku ile, wiki tatu baada ya tarehe ya ramani. Nguzo ya saba haikumjia akilini. Tangu aizime alikuwa amekwishatoa picha za majengo mengine mawili. Timazi aliitundika kwenye kibanda cha saiti, humo humo ndani ya jengo, ubavuni mwa ramani, akarudi nyuma hatua mbili na kuitazama kama mtu anayetazama nyumba yake mwenyewe.

Sakafu ya juu ilishuka Jumanne ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi. Wanne waliumia. Wawili, mpiga plasta na mwanamke aliyekuwa akibeba maji, walitolewa siku ya pili wakiwa wamekufa. Kabla ya adhuhuri ya Jumanne ilikwishajulikana kwamba nguzo moja ya chini ilikuwa imevunjwa jana yake. Polisi walimchukua Timazi akiwa bado na vumbi kwenye nyusi.

Jumatano msanifu alimwita Kivuli na kufunga mlango.

"Hakuna ramani yetu hata moja isiyo na nguzo ile," alisema, na ilikuwa kweli. Akamsogezea karatasi iliyokwishachapwa. Ilieleza kwamba picha za ofisi ni za kuonyeshea wateja, si maelekezo ya ujenzi, na kwamba hakuna mtu wa ofisi aliyepeleka picha yoyote saiti. "Tia sahihi hapo. Ile ya saiti imezikwa na kifusi. Hii ya kwenye kompyuta, iwashe nguzo uitoe upya."

"Shemeji yangu yuko ndani, bosi."

"Shemeji yako amevunja nguzo ya zege bila kumuuliza mtu. Wewe ulishika nyundo? Ofisi hii ina watu tisa. Usitumwagie unga sisi sote kwa ajili ya mtu mmoja."

Kivuli hakutia sahihi. Alisema anataka kuisoma kwanza. Lakini nguzo aliiwasha. Alirudi mezani kwake, akabonyeza mara moja, ikasimama mahali pake na kivuli chake sakafuni, safi, kama haijawahi kuondoka.

Alhamisi alikwenda mahabusu na dada yake. Dada hakumsemesha njia nzima. Walipokuwa kwenye foleni ya wageni ndipo alipouliza, akitazama mbele: "Ile picha uliyompa ilikuwa na nguzo?"

"Tumwone kwanza, dada."

"Nimeshajibiwa," akasema.

Timazi aliletwa pekupeku, mkono mmoja ukishikilia suruali kwa kuwa mkanda walimvua. Alijaribu utani. "Shemeji, ukuta wa choo humu umepinda vidole viwili. Nimewaambia." Hakuna aliyecheka, naye akauacha.

"Ulijua inabeba?" Kivuli aliuliza.

"Niliigonga nyundo kabla sijaanza. Nguzo isiyo na kazi inalia. Ile ilinyamaza. Imeshiba mzigo."

"Sasa kwa nini?"

"Karatasi mbili ukutani, moja ina nguzo, moja haina. Saiti tunafuata yenye tarehe ya karibuni, hujui? Siku zote ni hivyo, la sivyo tungejenga kila jengo mara mbili." Alisema taratibu, kama anamfundisha mwanagenzi. "Nikaweka miti sita ya kushikilia, kwa wasiwasi wangu tu. Nikasema, hawa wamesoma, mhandisi ameshaweka chuma huko juu. Nikasema, shemeji yangu hawezi kukosea."

Dada alitazama mikono yake mwenyewe.

"Umewaeleza?"

"Nimewaambia kuna picha. Wananiuliza, picha ipi, iko wapi? Wananiona mwongo." Timazi akashusha sauti. "Jina lako sijalitaja. Nyamaza tu. Mimi nimeshika nyundo, hilo halifutiki. Tukiingia wote humu, huyu atabaki na nani?"

Ijumaa asubuhi Kivuli hakwenda kazini. Alikwenda kwa mpelelezi wa kesi ile, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipiga chafya kwa vumbi la mafaili, akafungua kompyuta juu ya meza yake. Kila picha iliyowahi kutoka aliihifadhi kama ilivyotoka. Ile ya kiberiti ilikuwapo, na ukanda wake mweupe, na ukumbi mpana usio na kitu katikati. Akamwonyesha tabaka lililozimwa. Akaliwasha. Akalizima tena.

Mpelelezi aliacha kupiga chafya.

"Nani aliamuru ifichwe?"

"Msanifu."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo. Alisimama nyuma ya kiti changu."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna."

"Nani aliipeleka saiti?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Sikuamriwa. Msimamizi wa mafundi aliniomba, nikampelekea."

Akamweleza pia kwamba Jumatano aliiwasha nguzo kwenye nakala ya ofisi. Mpelelezi aliandika yote, kisha akaweka kalamu chini.

"Unaelewa ulichokifanya? Ulikuja kumtoa mtu. Huenda nikamwachia kwa dhamana, sijui. Lakini huyo bosi wako atasema hajui lolote, na hapa nina maelezo yako mwenyewe yanayosema ni wewe."

"Naelewa."

Alimruhusu kupiga simu moja. Dada alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Nimewaambia," Kivuli alisema. "Shemeji huenda akatoka kwa dhamana. Mimi nabaki huku."

Nyuma ya dada zilisikika sauti za watu wengi sebuleni, na mtoto akilia.

"Mke wa mpiga plasta yuko hapa kwangu tangu alfajiri," dada alisema. "Na ndugu zake. Hawataki chai, hawataki kukaa. Wanamsubiri Timazi awaambie kwa nini aliivunja. Niwaambieje?"

"Waambie picha nilichora mimi."

"Utawaambia mwenyewe. Mimi siwezi."

Akamsikia akiondoa simu sikioni na kutembea nayo. Sauti za sebuleni zikakaribia, zikanyamaza moja baada ya nyingine, kisha mwanamke asiyemfahamu akasema, "Haloo?"